Siku Niliyomwita Muhonja Mwizi wa Kamisheni

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo natamani ardhi inimeze. Nilisimama katikati ya kituo cha kuchukulia mizigo, hapa Kakamega mjini, foleni imefika mlangoni, nikamwita msichana wa watu mwizi. Nilikuwa na umri kama wako, mwanangu, na mdomo mrefu kuliko wako, kama hilo linawezekana.

Nakuandikia haya kwa sababu ya ile video uliyonionyesha jana, yenye picha ya kijana wa ofisini na maneno mekundu kwamba amekula kamisheni zako. Nilikwambia ngoja kwanza. Ukaguna. Basi guna, lakini soma hadi mwisho.

Nyinyi mnadhani biashara ya linki ilianza na nyinyi. Wakati ule duka moja la mtandaoni lilikuwa limefungua kituo mjini, nasi vijana tukajiandikisha kuliuzia. Huhitaji kibanda wala bidhaa. Unapewa linki yako, unaituma kwa watu, na mtu akinunua kupitia kwako unapata kamisheni. Kwenye simu inaandikwa kwanza "inasubiri". Mwezi ukipita bila mteja kurudisha mzigo, inakuwa yako. Akirudisha, inafutwa. Sheria hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Mimi niliiruka, nikabonyeza "nakubali" kama mtu anayefukuza nzi.

Na niliuza kwelikweli. Grupu la kanisa, grupu la chama, hata grupu la kupanga mazishi ya mjomba, Mungu anisamehe, yote niliyamwagia linki. Niliwauzia blenda watu ambao stima kwao huja ikipenda. Bibi yangu mzaa baba, tuliyemwita Kukhu, aliyekuwa akiishi Malinya, nilimwagizia redio ya sola ili asikilize ibada na matangazo ya vifo. "Chaji inakaa siku tatu," nikamwambia. Nani aliniambia siku tatu? Hakuna. Nilitaka tu iwe hivyo.

Asubuhi moja nikafungua simu nikakuta kamisheni kumi na moja zimeandikwa "imefutwa". Nilikuwa nimeshatangaza nyumbani kwamba muhula huo narudi chuo kwa pesa hizo. Lakini je, nilimpigia mteja hata mmoja nikauliza? Wapi! Rafiki yangu aliniambia, "Ni huyo Muhonja wa kaunta. Si yeye ndiye anayegusa kompyuta?" Basi, ushahidi wangu wote ulikuwa huo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikatoka mbio.

Muhonja alinisikiliza nikifoka, kisha akasema kwa upole, "Dada, nipe namba za oda, nikuangalilie moja moja."

"Namba za nini? Si wewe ndiye uliyezifuta!"

Nikampiga picha akiwa amejikinga uso kwa kiganja. Nikaiweka kwenye ukurasa wangu na maneno MWIZI WA KAMISHENI. Kabla ya jua kuzama, hata watu wa mbali huko Malava walikuwa wananipigia kunipongeza. Kesho yake msimamizi alimwambia Muhonja akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe.

Nikaenda Malinya kumsimulia Kukhu, kifua mbele. Alikuwa akichambua mboga ya mrenda kwenye ungo.

"Huyo msichana ni wa nani?" akauliza nilipomaliza.

"Simjui, Kukhu. Ni wa Musanda huko."

"Na ile redio yangu, pesa yako ya hiyo pia aliiba?"

"Hata hiyo! Ndiyo ilikuwa ya kwanza kufutwa."

Akaweka ungo chini. "Hiyo niliirudisha mimi. Inakufanga saa nane mchana, jua likiwa limewaka. Nilimpa mtu wa bodaboda airudishe. Sikukuambia kwa sababu uliniuzia ukiwa na furaha sana, nikaona utaumia."

"Kukhu! Ungeniambia!"

"Na wewe ungeuliza. Tangu uniuzie, umewahi kuja hapa kuuliza kama inaimba au imenyamaza? Umeita mtoto wa watu mwizi, na aliyedanganya ni wewe. Inuka. Hapa leo hunywi chai."

Mwanangu, kwetu kunyimwa chai na bibi yako si jambo dogo.

Niliketi kwenye ukingo wa barabara nikaanza kuwapigia wateja. Blenda ilivuja. Viatu vilibana. Pasi ilichoma gauni la harusi. Mteja mmoja tu, wa Malava, niliyemuuzia godoro, hakushika simu. Jamani! Watu hawa walikuwa wakinisalimia kila Jumapili, wakiniuliza habari za mama, na hakuna aliyefungua mdomo kusema "nilirudisha". Walinikasirisha sana, nisikudanganye. Lakini kadiri nilivyowasikiliza ndivyo nilivyoisikia sauti yangu mwenyewe nikiwauzia: imara, haivuji, inakutosha tu. Nilikuwa nimeahidi vitu ambavyo sikuwahi hata kuvishika.

Nikamfuata Muhonja kwao Musanda. Nilimkuta akipalilia miwa ya mama yake. Nikamwomba msamaha hadi sauti ikakauka. Hakuweka jembe chini.

"Unaniomba msamaha hapa kwenye miwa, hakuna anayesikia," akasema. "Kule uliniita mwizi mbele ya foleni."

Alisema kweli. Kwa hiyo nilirudi kituoni nikasema mbele ya foleni nyingine kwamba nilikosea. Nikampelekea msimamizi majina na simu za wateja waliorudisha mizigo. Nikaandika kwenye ukurasa uleule, safari hii na picha yangu mwenyewe. Unajua kilichonichosha? Wale waliosambaza uongo wangu kama moto wa kiangazi, ukweli waliupita kama hawajauona. Maji yakimwagika hayazoleki. Muhonja alikaa nyumbani wiki tano ndipo akarudishwa kazini.

Sasa sikiliza hili, kwa maana ndilo linaloniuma zaidi. Siku moja baada ya kurudi aliniita dirishani. Hakutabasamu.

"Lile godoro la Malava halikurudishwa," akasema. "Mteja bado analilalia. Mfumo wa kompyuta ulikosea. Ndiyo maana siku ile nilikuomba namba. Sasa muda wa kulalamika umeshapita."

Kamisheni kumi, duka lilikuwa na haki ya kuzifuta. Moja ilikuwa haki yangu, na msichana niliyemwita mwizi ndiye pekee aliyetaka kunisaidia kuipata. Niliizika mwenyewe kwa kelele zangu. Na chuo nikakingoja mwaka mzima.

Mwanangu, sikwambii unyamaze. Maduka hukosea, na mengine hula jasho la vijana yakijua. Dai chako. Lakini kwanza wapigie wateja wako, kila mmoja, hata wale unaoogopa watakavyojibu. Namba ya oda iweke siku unayouza, usingoje siku ya hasira. Andika lalamiko moja kwa oda moja, kwa lugha ya adabu, na lifike kabla muda haujaisha. Wakikukatalia ilhali ushahidi unao mkononi, hapo paza sauti, nami nitapaza yangu pamoja nawe. Na bidhaa usiyoijua usiisifu, kwa maana kamisheni ya sifa za uongo hairudi peke yake, hurudi na aibu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Futa hiyo video kabla hujala chakula. Kisha nenda ukamuulize yule kijana jina lake.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa wateja. Akulipe kilicho chako chote, na kisicho chako akiondoe mikononi mwako mapema. Na popote jina lako litakapotajwa, wenye kulisikia waseme: huyo tunamjua, ni mtu wa kweli.