Jina Aliloendea Jeshini

Kwa mujibu wa barua ya wizara ya ulinzi, mjomba wangu hajawahi kuwa askari. Niliisoma mara mbili barazani kwetu Chanika, mama akipepeta mchele. Ilikuwa barua ya heshima: kumbukumbu zimepekuliwa, hakuna askari wa jina hilo.

Mjomba, kaka yake mama, aliondoka Songea akiwa kijana kwenda jeshini. Akapelekwa vita vya Uganda, hakurudi. Mama alipofika miaka sabini akawa anasema kila Jumapili tukitoka kanisani: nataka kujua kaka yangu kalala wapi.

Ndipo nikamfuata jirani yetu, aliyestaafu ukarani wa masjala kwenye wizara hiyo hiyo. Yeye Mhehe, mama Mngoni, ni watani, na Wahehe hutaniwa kwamba hula mbwa.

"Fungeni mbwa, Mhehe anaingia!" mama alipaza sauti siku ya kwanza.

"Mbwa wenyewe wamekonda kama wenye nyumba. Nimefuata kalamu tu."

Alichora nyuma ya karatasi ya kalenda. Juu waziri. Chini yake pande mbili: huku Katibu Mkuu na raia wake wa mafaili, kule Mkuu wa Majeshi na wanajeshi. Yeye alikuwa wa huku, hakuwahi kushika bunduki, ingawa mtaa mzima unamwita afande. Akatueleza kwamba hata jeshi lenyewe si lile la mkoloni. Lile lilivunjwa baada ya askari kuasi, uhuru ukiwa bado mchanga, wakaandikishwa vijana upya.

"Barua tunamwandikia Katibu Mkuu," alisema. "Yeye ataivusha upande wa pili. Ukienda kwenye geti la kambi, mlinzi ana salamu tu, majibu hana."

Majibu yalipokuja nikampelekea. Akayasoma, akaja nayo kwetu bila kuuliza habari za mbwa.

"Mtani, kaka yako aliandikishwa kwa jina gani?"

"Jina lake."

"Karani hutafuta alichoandikiwa. Nakuuliza tena, na leo siyo utani."

Mama akaweka ungo chini. Mjomba aliishia darasa la nne, akasema, na jeshi lilitaka waliomaliza la saba. Basi akaazima cheti cha binamu yao, akaenda nacho, na jina lililokuwemo. Barua za nyumbani alisaini jina alilozaliwa nalo.

"Nikisema, si watamwita mwizi wa vyeti?"

"Watamfunga wapi, mtani? Na wewe ndo utampelekea chakula?"

Mama akacheka huku anafuta macho. Miaka yote hiyo alikuwa akimlinda.

Jirani akaandika barua mpya papo hapo, lakini mahali pa jina akaruka. Binamu yu hai, mwalimu mstaafu huko Songea, na cheti hicho hicho, kiliporudishwa, ndicho kilichompeleka chuo cha ualimu. "Mwenye jina aridhie kwanza," alisema.

Mama akampigia, simu ikiwa kwenye spika. Akamweleza yote.

"Dada," binamu akasema, "yaani mie nimekufa vitani?"

"Hujafa, kaka. Nataka kaburi la mwenzio tu."

"Ngoja nizungumze na watoto."

Hiyo ilikuwa kabla ya Kwaresima. Pasaka imepita. Hajapiga, na mama amenikataza nisimpigie.