Gari Lililouzwa kwa Sababu Yangu

Mwaka 2016 nilipata kazi ya kumtunza bibi mmoja Mreno huko Rosettenville, mtaa wa Johannesburg. Alikuwa na miaka themanini na minne, akiishi peke yake, na majirani wote walimwita Dona, yaani "Bibi" kwa Kireno. Nami nikamwita hivyo. Nilikuwa nimetoka Lubumbashi miaka mitatu kabla, nikiishi kwa kusuka nywele za watu, na kazi hii ya Dona ndiyo iliyonipa mshahara wangu wa kwanza wa mwezi.

Siku moja nikipangusa kabati nikaona picha ya msichana mwenye kofia ya ngozi, uso umejaa vumbi, ameegemea gari lisilo na paa.

"Ni mimi," akasema.

Alizaliwa Msumbiji, na huko alishindana mbio za magari wakati wanawake hawakuruhusiwa. Mara ya kwanza alijiandikisha kwa jina la kaka yake. Akamaliza wa tatu, lakini alipovua kofia waandaaji wakamfuta kwenye orodha.

"Mwaka uliofuata nikarudi kwa jina langu," aliniambia. "Nikarudi tena na tena. Wakachoka kunikatalia."

Bado alikuwa na gari dogo kuukuu. Kila Jumapili alijiendesha hadi kanisani, akizilaani roboti, taa za barabarani, zikiwa nyekundu. Na ni yeye aliyeng'ang'ania nijifunze. "Utasubiri watu wakubebe mpaka lini?" Alinifundisha uani, mkono wake juu ya goti langu, akipima ninavyoachia klachi.

Alhamisi moja mchana, akiwa amelala, niliwasha gari peke yangu. Nilitaka kumshangaza. Likaruka, likagonga nguzo ya geti. Taa ya mbele ikavunjika.

Jioni akaja mwanawe, mtu mpole, ila siku nyingi alikuwa akimsihi mama yake aache kuendesha.

"Mama, umegonga?"

Dona akanitazama. Nilikuwa nimeshika sinia ya chai. Nikawaza watoto wangu wawili, nikawaza kufukuzwa. Nikanyamaza.

"Ndiyo," akasema Dona. "Nimegonga mimi."

Wiki hiyo hiyo gari likauzwa. Nilimpigia magoti jikoni nikimwomba msamaha, akaniambia viazi vinaungua. Kanisani hakwenda tena. Mwanawe alijitolea kumpeleka, akakataa. Jumapili akakaa dirishani na gauni lake zuri.

Mwaka 2018 alihamishiwa nyumba ya wazee, Midrand. Tukifunga vyombo, nilimwambia mwanawe ukweli. Akakaa juu ya sanduku.

"Mbona hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Nami nilitaka iwe yeye," akasema. "Sikuuliza mara ya pili."

Mwaka uliofuata nikapata leseni, nikaazima gari la shemeji yangu, nikaenda kumwona.

"Nani amekuleta?" akauliza.

"Nimejileta, Dona. Nimeendesha mwenyewe."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akataka kuliona gari. Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi nje, akaniamuru niliwashe. Akasikiliza, kichwa kimeinama, kisha akasema mafuta ya injini yamechoka, nimwambie shemeji abadilishe.

Alifariki miezi michache baadaye. Mume wangu husema kicheko kile ndicho kilikuwa msamaha wake. Huenda. Lakini zile Jumapili zote za dirishani nilimnyang'anya mimi, na alijua, na kila asubuhi alinikaribisha kazini kwa busu la shavuni.