Kisu cha Mianzi ya Babu

Nilipokuwa mtoto wa mapengo, meno ya mbele yametoka na mapya hayajaota, kuna swali moja lililoninyima raha: chuma kinajuaje kwamba watu wamegombana?

Bibi alisema kinajua. Kisu cha kugema ulanzi, pombe ya mianzi, kikifuliwa kwa ajili ya ndugu wasiosemezana hupasuka majini, na kisipopasuka, mianzi itakayokatwa nacho itakauka. Hakusema hivyo ili kututisha. Alisema huku anamenya viazi, kama mtu anayekueleza kwamba mvua inatokea upande wa Ludewa.

Nasi nyumbani, nje kidogo ya Njombe, tulikuwa na ndugu wasiosemezana. Baba na baba mkubwa waliacha kuongea tangu matanga ya babu, kwa sababu ya kichaka cha mianzi kilichokuwa kati ya nyumba zao. Kila mmoja alidai babu alimwachia yeye. Kanisani walikaa ncha mbili za benchi moja, bibi katikati yao kama ukuta. Kisu cha babu, kilichonolewa miaka mingi hadi kikawa chembamba kama jani, kilikuwa kimekatika. Masika yalishaingia na machipukizi yalikuwa yanarefuka. Chipukizi likishafungua majani halitoi tena ulanzi, na nyumba zote mbili zilitegemea ulanzi huo kupata kitu cha kupeleka gulioni.

Basi baba akaenda kwa Mzee Mtewele, mhunzi, Mpangwa aliyetoka Mawengi akaoa kwetu. Alinichukua, nadhani, kwa sababu alichoka kuulizwa maswali ambayo mhunzi angeweza kuyajibu mwenyewe.

Mzee alianza na kipande cha springi ya lori kutoka Makambako, kule malori yanakofia kwenye barabara kuu. Alikilaza kwenye mkaa wa miti ya miwati na kuanza kuvukuta. Mivukuto yake ilikuwa mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi: unakandamiza huu huku unainua ule, ili moto usikose pumzi. Chuma kilipogeuka rangi ya chungwa bivu alikiweka juu ya fuawe, akakigonga taratibu, akakirudisha motoni, akakigonga tena. Kisu cha ulanzi si kama cha jikoni. Ni kifupi, kimepinda kidogo nchani, na lazima kinyoe chipukizi bila kulichubua. Kila mara Mzee alikiinua usawa wa jicho. Nikamuuliza anaangalia nini.

"Naangalia kama nacho kinaniangalia," akasema, bila kucheka.

Kabla ya kukitia majini alimgeukia baba.

"Mianzi ni ya nani?"

"Yangu."

"Kaka yako hagemi?"

"Mzee, nimekuja kutafuta kisu, sikuja kuungama."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alichovya kidole kwenye maji ya kijito yaliyochotwa asubuhi ile yenye ukungu, akamtazama baba, akafuta kidole kwenye suruali. Kisha akazamisha kisu. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kimekanyagwa. Alipokitoa, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umepita katikati.

Akamwambia baba arudi Jumamosi, na aje akijua kwamba yeye Mzee mgongo unamuuma, hivyo mivukuto itavukutwa na wengine. Njiani nilimuuliza baba kama ni kweli chuma kilijua. Akasema, "Tembea."

Bibi aliposikia habari hizo hakusema "niliwaambia". Alijifunga kanga yake akaenda kwa baba mkubwa. Walichoongea sikukijua, wala sijakijua hadi leo.

Jumamosi tulimkuta baba mkubwa kwa Mzee, kwenye kigoda, mkono wake juu ya mfuko mmoja wa mivukuto. Baba aligeuka aondoke. Lakini bibi alikuwa ameshakaa mlangoni, miguu ameinyoosha kutoka mwimo mmoja hadi mwingine, na kwetu hakuna mtu anayeruka miguu ya mama yake. Baba aliitazama ile miguu. Kisha akamwamkia Mzee, "Kamwene," Mzee peke yake, akaketi mbele ya mfuko wa pili.

Wakaanza kuvukuta. Wote walikandamiza kwa pamoja na kuinua kwa pamoja, hivyo moto ukawaka ghafla, ukafifia, ukawaka tena, cheche zikiruka hadi kwenye kanga ya bibi.

"Mnavukuta kama watoto wanaogombania uji," Mzee alisema. "Mmoja anashusha, mwenzake anapandisha."

Walijaribu, wakapishana vibaya, wakajaribu tena. Baba alikuwa anakwenda mbio mno. Baba mkubwa, macho yake kwenye moto, akasema, "Polepole, mdogo wangu. Unaniacha."

Baba alipunguza mwendo. "Haya, kaka."

Moto ukatulia, ukaanza kuvuma kwa sauti moja.

Safari hii Mzee alitumbukiza kwanza kipande cha chuma cha moto ndani ya maji, yakanguruma. Akachovya kidole. Ndipo akazamisha kisu, na hakikulia. Alikipasha tena joto kidogo ili kisiwe kikavu mno kikavunjika, akakipiga tupa, akakitia mpini wa mwati. Kisha akakiweka chini, maana kisu hakitolewi mkono kwa mkono.

"Okota wewe, kaka," baba akasema.

Baadaye nilisoma vitabu vya kutosha kujua kwamba maji baridi hupasua chuma cha springi. Je, siku ile ya kwanza Mzee alisahau kuyapasha? Au aliyaacha makusudi? Au kwake maji ya vuguvugu na ndugu wanaosemezana vilikuwa sehemu za kazi moja, asione haja ya kuvitenganisha? Alifariki kabla sijamuuliza, na sina hakika ningependa anijibu.

Kisu kile kimenolewa hadi nacho kimekuwa jani. Wiki hii kaka yangu alinipigia simu hapa Makambako, akitaka nimtafutie kipya. Siku iliyofuata akapiga mtoto wa baba mkubwa, kwa ajili ya mianzi ileile. Kila mmoja aliniomba nisimwambie mwenzake.

Nimekwenda kwa mjukuu wa Mzee Mtewele, anayefua visu nyuma ya gereji. Anatumia feni ya umeme. Juu ya moto wake, kwenye boriti, nikaona ile mifuko ya ngozi imening'inia, nikamuuliza kama bado inashika upepo.

"Inashika, dada, lakini inataka watu wawili. Ya nini taabu? Feni ipo."

"Jumamosi nitakuletea watu wawili," nikamwambia. "Siku hiyo feni yako imeharibika."