Boya lililookotwa Kunduchi lilikuwa na mwandiko wangu

Wakuu, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Leo mnisome bila haraka. Haya mengine nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu. Majina ya watu na meli nimeyabadilisha. Kilichobaki ni kweli tupu.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa juzi humu humu. Mtu anaandika kwamba chombo kikizama ni ajali tu, Mungu alishapanga. Watu wanamgongea like. Nilizima simu kwa hasira. Nikaiwasha tena.

Haya, tuanze.

Mie ni Mmwera wa Nachingwea. Nilimaliza form four miaka ya tisini mwanzoni, enzi biashara zimefunguliwa na kila mwenye vihela kajiita kampuni. Nikapanda lori la korosho kuja Dar. Mvua zilikuwa zimeshaanza.

Waliopita barabara ya kusini enzi hizo watanielewa. Tulitumia siku kumi na moja. Kabla ya kivuko cha Rufiji tulikwama siku nne mahali pamoja. Tunashusha magunia, tunasukuma, tunapakia, mbele kidogo tunashusha tena. Tulichoma korosho za watu tukala mpaka midomo ikababuka.

Nilishuka Mbagala miguu imevimba, begi moja mkononi, cheti cha shule nimekiviringisha kwenye nailoni.

Ndugu niliyemfuata alikuwa ameshahama. Nikapata chumba Tandika, nyumba ya Mzee Mbwana. Mzaramo, mtu wa masihara, na serahangi wa meli, yaani msimamizi wa mabaharia. Siku ya kwanza aliitazama miguu yangu akacheka.

"Wewe Mmwera, umekuja na lori au lori ndiyo limekuja na wewe?"

"Tulisukuma, mzee."

"Basi dereva ndiye alikuwa abiria wako!"

Mkewe, Bi Hadija, aliniletea maji ya moto yenye chumvi nikaloweka miguu. Sikuwa mtoto wao wala ndugu yao. Lakini toka siku ile hakuna siku niliyokula peke yangu kwenye nyumba ile.

Mzee Mbwana ndiye aliyenipeleka kwenye kampuni.

Ilikuwa kampuni ya kusimamia meli. Meli si zake. Matajiri wamenunua vyombo vikuukuu huko nje, kampuni inavitafutia mabaharia, vyakula, vipuri na vyeti vya ukaguzi. Ofisi ilikuwa mjini, stoo ilikuwa Temeke. Meli zilikuwa mbili, tuziite Bint Lulu na Kipepeo. Zilikuwa zinakwenda Mtwara, Mafia, Tanga, Pemba.

Meneja aliniambia niandike jina langu kwenye karatasi. Akaangalia mwandiko.

"Kwa brashi unaweza?"

"Naweza."

"Umeajiriwa."

Nilifurahi. Sikuuliza brashi ya nini.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, wakuu, someni vizuri. Meli mbili, lakini vifaa vya kuokolea maisha vilikuwa seti moja tu. Life jacket kumi na mbili, maboya manne, mitungi ya zimamoto mitano. Vyote vinalala stoo Temeke, mimi ndiye nakaa na ufunguo. Mkaguzi akitangaza siku, nafuta jina la meli moja kwenye maboya kwa petroli, naandika la meli nyingine. Pickup inabeba, inapeleka bandarini. Mkaguzi akimaliza, pickup inarudisha stoo.

Kuna siku rangi ilikuwa haijakauka. Mkaguzi akaligusa boya, kidole kikawa chekundu. Akakitazama. Akanitazama. Akatoa leso, akajifuta, akaendelea kujaza fomu.

Nikadhani tumekwisha. Meneja alipokuwa anarudi kwenye gari alicheka tu. "Boya halijui linaelea kwa jina gani."

Na mimi nikacheka, wakuu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nina kazi.

Mabaharia hawakuwa wajinga. Walijua wanasafiri mikono mitupu, wakajitafutia njia yao. Kila mmoja alikuwa na dumu lake la lita ishirini, tupu, kizibo kimekazwa kwa mpira wa baiskeli, kamba ya kujifunga kifuani. Dumu lile lilikuwa linalala naye kitandani. Vitanda vyenyewe vilikuwa mbao, godoro la sufi lililolowa, na Saidi mpishi anapikia mkaa juu ya sitaha kwa sababu jiko lilikufa zamani. Mtu anaweza kukuazima shati, sigara, hata sabuni. Dumu haazimi mtu. La Mzee Mbwana Bi Hadija alilifunga kipande cha khanga ili lisichanganywe na la mtu.

Lakini siku ya ukaguzi meneja hakutaka kuyaona madumu melini. Eti yanatia aibu. Kwa hiyo pickup ikileta life jacket, inaondoka na madumu. Ukaguzi ukiisha, yanarudishwa, life jacket zinaondoka. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu, na hakuna aliyeushangaa.

Mpaka siku ambayo meli zote mbili zilikaguliwa siku moja.

Asubuhi Bint Lulu, mchana Kipepeo. Asubuhi nikapeleka vifaa, nikachukua madumu tisa, nikayapeleka Temeke. Nikarudi bandarini kusubiri. Mkaguzi alichelewa. Alipomaliza, meneja akaja mbio.

"Vifaa moja kwa moja Kipepeo. Hakuna muda wa Temeke."

"Na madumu yao, bosi?"

"Yataenda kesho."

Nikafuta majina kwenye maboya juu ya pickup, imesimama hapo hapo gatini. Mzee Mbwana akashuka ngazi akanifuata.

"Mwanangu, vitanda vyetu viko wapi?" Madumu alikuwa anayaita hivyo.

"Yako stoo, mzee. Kesho nakuletea mwenyewe."

"Kesho? Sie tunaondoka alasiri hii."

Sikulijua hilo. Nikamwangalia meneja. Akageuza uso. Nikasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe: "Basi mkirudi, mzee. Bahari imetulia."

Hakunitukana. Alinipiga kidogo begani. "Umeishajua bahari, Mmwera? Haya bwana."

Bint Lulu iliondoka imejaa saruji kwenda Mtwara. Haikufika.

Kusini ya Mafia maji yaliingia chumba cha injini, pampu ikagoma. Saruji haina huruma, inavuta chini. Walikuwa tisa, waliookolewa ni wanne, waliokamatia mbao za kufunikia shehena. Saidi mpishi alikuwa mmoja wao. Mzee Mbwana hakuwemo. Saidi alisema mzee alimsukumia ubao, ubao wenyewe haukutosha watu wawili.

Habari ilipofika nilikwenda Temeke nikafungua stoo. Madumu tisa yamejipanga ukutani kama nilivyoyaweka. Sikukaa mle ndani.

Meneja alinikuta nje. Sikuona machozi kwake. Alikuwa na chupa ya rangi mkononi.

"Andika Bint Lulu kwenye boya mbili na life jacket tatu."

"Bosi, meli imezama."

"Ndiyo maana. Mkondo unapanda kaskazini. Wavuvi wa Kunduchi wataziokota."

Nikasema sitaki. Ndiyo, nilisema, nataka mjue. Akanijibu taratibu kabisa: "Miaka yote hii mwandiko kwenye maboya ni wa nani? Wangu? Kukiwa na kesi, wa kwanza kuingia ndani ni nani?"

Niliandika. Herufi nzuri, zimenyooka. Akazisugua kwa mchanga na maji ya chumvi zionekane zimesafiri. Vifaa vikatupwa baharini usiku, siku ya tatu vikaokotwa Kunduchi, na redio ikatangaza.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Bi Hadija alikuwa eda, hatoki nje. Akaniita, akasema nami akiwa nyuma ya pazia la chumba chake.

"Nenda ukanisikilizie. Wewe ndiye masikio ya nyumba hii."

Nikaenda, nikakaa nyuma kabisa. Saidi akasimama, mguu bado una bandeji.

"Waheshimiwa, hatukuwa na boya, hatukuwa na life jacket. Hata madumu yetu hatukuwa nayo."

Watu wakacheka kusikia madumu. Mmoja wa wajumbe akaliinua boya juu ya meza.

"Hiki ni nini?"

"Boya."

"Soma."

Saidi akasoma. "Bint Lulu."

"Wewe ulikuwa unapika wakati wenzako wanagawiwa?"

"Mie mpishi, mzee wangu, si kipofu. Boya hilo kwetu halikuwepo."

Wakamwambia akae chini. Kisha nikasikia mwelekeo wa mambo: vifaa vilikuwepo, vimeonekana, vyeti vipo. Aliyetakiwa kuvigawa ni serahangi. Hakuvigawa. Kwa maneno mengine, watu watano wameuawa na uzembe wa Mzee Mbwana, ambaye hayupo kujitetea.

Yule aliyempa mwenzake ubao.

Nilirudi Tandika jua likiwa bado kali. Bi Hadija akaniuliza kutoka nyuma ya pazia. Nikamweleza yote, mpaka la mumewe kulaumiwa. Halafu akauliza swali moja.

"Wewe ndiye mtu wa stoo. Boya hilo limetoka wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilishakuwa fundi wa hilo. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye mlango ule ule alioniletea maji ya chumvi.

"Limetoka Temeke, mama. Mimi ndiye niliyeliandika."

Sikusikia kilio. Hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Kesho wanakaa tena?"

"Wanakaa. Ndiyo siku ya mwisho."

"Basi utakwenda ukawaambie. Yeye harudi, najua. Lakini jina lake ulirudishe."

Asubuhi mkono ukatoka nyuma ya pazia na shati jeupe, limepigwa pasi. Shati la Mzee Mbwana la Idd. "Usiende mbele za watu na fulana," alisema.

Nikalivaa. Lilinipwaya mabegani.

Nikafika mlangoni pa ukumbi. Meneja amesimama pale anapokea watu kama mwenye harusi. Akaniona, akanitazama lile shati juu mpaka chini, akatabasamu.

"Karibu, mwandishi wangu. Umekuja kusema au kusikiliza?"

Wakuu, mlango ulikuwa wazi. Nilimwona Saidi kakaa mbele, kageuka, kaniona na yeye. Akasogea kwenye benchi kunipa nafasi.

Nikageuka. Nikatembea mpaka Kisutu, nikapanda basi la Morogoro lililokuwa linaita abiria. Begi langu, cheti changu, vyote nimeviacha Tandika. Nimeondoka Dar na shati la marehemu mwilini, na sijarudi kuishi tena. Toka hapo nimekuwa mtu wa Kahama, Mbeya, Tunduma, Lubumbashi, sikai mahali. Watu wananiuliza kwa nini situlii.

Meneja namlaani. Mkaguzi mwenye leso namlaani. Na huyu anayeandika uzi huu, yaani mimi, simwachi.

Somo langu ni fupi. Ukipanda chombo chochote, usisome cheti kilichobandikwa ukutani. Uliza life jacket ziko wapi, uzishike, uangalie kama zina vumbi la kukaa hapo au zimeletwa asubuhi. Wakikucheka, shuka. Na kama kazi yako ni kuandika, kusaini au kugonga muhuri, jua kwamba kuna mtu anakwenda kulala juu ya mwandiko wako.

Mabaharia wa enzi zile mliomo humu, leteni yenu, chombo chenu kilikuwa na vifaa vyake au vya mkaguzi? Wanaotaka kunitukana watukane, nitasoma comment zote.

Na kama yumo wa ukoo wa mzee yule, atakuwa ameshajitambua katika haya. Vifaa havikuwemo melini. Mzee hakuwa na cha kugawa. Nimesema, nimechelewa zaidi ya miaka ishirini. Chukua uzi huu, uuprinti, mpelekee mama kama yupo.