Bi Subiri na Nyasi Zinazomeza Mvua

Asubuhi hii mvua inashuka kwa hasira. Mlinzi wa malisho, mwanamke mrefu ambaye wafugaji wamempachika jina la Bi Subiri, amesimama mpakani, mguu mmoja kwenye udongo mtupu, mwingine kwenye majani.

"Sikiliza," anamwambia mwandishi.

Kushoto maji yananguruma, mekundu, yakisomba udongo kuelekea korongoni. Kulia, mvua ileile inaingia kwenye nyasi zinazofika kiunoni, na kimya. Inamezwa yote.

Miaka sita iliyopita pande zote mbili zilikuwa vumbi tupu. Mifugo ilitafuna mpaka mizizi, na kila masika korongo lilizidi kusogelea nyumba. Wafugaji wakakubaliana kuupumzisha upande mmoja, kisha kulisha kwa zamu. Akatafutwa mtu wa kusema "bado". Akapewa yeye, kwa posho ambayo, anasema akicheka, "inaisha nikiwa bado njiani."

Kiangazi cha pili alifika dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akiwa na ng'ombe waliobaki mbavu tupu. Nyasi ndiyo kwanza zilikuwa zimechipua.

"Dada, bado."

"Bado? Unaniambia mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Zingekuwa zangu ningekupa zote. Zikiliwa sasa, hazioti tena."

Dada aligeuza ng'ombe bila kuaga. Watatu walikufa. Zaidi ya mwaka hawakusalimiana.

"Nilikuwa nalinda majani huku nalia," anasema Bi Subiri. "Najiuliza, kweli nimempoteza dada kwa ajili ya nyasi?"

Masika yaliyofuata, nyasi ambazo watu walidhani zimeshatoweka ziliibuka zenyewe, bila mtu kupanda hata mbegu. Kware wakarudi. Kiangazi kilichofuata, siku ya kufungua malisho, kamati ya wafugaji ilimwachia achague kundi la kwanza kuingia. Alikwenda mwenyewe kubisha hodi kwa dada yake.

"Hakusema pole wala asante. Aliingia mpaka katikati, akachuchumaa, nikawa naona kitambaa chake cha kichwa tu. Mara nikasikia kicheko: 'We mdogo wangu, hizi zote ulizificha wapi?'"

Mvua hizi zikikatika, upande wa kushoto nao utafungwa. Aliyeomba kuulinda ni dada huyohuyo.

"Nimeshamwambia," anasema Bi Subiri, akikamua maji kwenye kanga yake. "Hata nikija mimi na ng'ombe wangu, nifukuze."