Kochi Lisilopita Mlangoni

Jirani yetu wa chumba cha kona, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, ndiye aliyeanza kusema kwamba Mama Karani amemweka fundi ndani.

"Nyumba ya mjane na nyundo, wapi na wapi?" aliniuliza tukiwa bombani. Ndoo yake ilikuwa imejaa zamani na maji yanamwagika, lakini mdomo ulikuwa na kazi kuliko mikono. "Asubuhi ko-ko-ko, mchana ko-ko-ko. Na wewe ukuta wenu ni mmoja. Husikii sauti ya kiume?"

"Nasikia nyundo tu, dada."

"Basi huyo fundi ni bubu. Hao ndio wabaya zaidi."

Mama Karani alikuwa hajakaa sana tangu ahamie kwetu. Tulimwita hivyo kwa kuwa binti yake wa pekee ni karani ofisini. Mimi si mpekuzi, ila maneno ya Redio yakikuingia sikioni hayatoki kwa kuoga. Nikambeba mwanangu mgongoni, nikaenda kuazima sindano ambayo sikuwa na shida nayo.

"Hodi?"

"Karibu, mwanangu. Pita, ila angalia usikanyage misumari."

Fundi alikuwa yeye mwenyewe. Amepiga magoti sakafuni, shuka kiunoni, misumari mitatu imebanwa midomoni, na mbele yake kochi zima limeshika ukuta wa chumba toka pembe hadi pembe. Mbao zake zilikuwa za vitanda vilivyokufa. Pale pa kukalia alikuwa amekata tyubu za baiskeli kuwa mikanda, anaipitisha juu na chini kama mtu anayesuka mkeka. Kila mkanda aliuvuta kwa mwili wote, mguu mmoja ameuegemeza kwenye fremu.

"Mpira ukilegea leo," alisema baada ya kutoa misumari mdomoni, "kesho mgeni anakaa sakafuni. Haya, umemwona huyo mwanaume, au nikufungulie na kabati?"

Nikaona aibu. Yeye akacheka mpaka akashika mbavu. "Ukuta huu unasikia pande zote mbili, na bomba liko chini ya dirisha langu. Keti hapo, mpe mtoto ziwa."

Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kila nikimaliza kufua. Mwanangu, ambaye hulia hata kijiko kikianguka, alilala fofofo katikati ya nyundo. Nami nilitazama. Mama Karani hakutupa msumari. Uliopinda aliulaza juu ya jiwe na kuugonga polepole huku akiuzungusha, mpaka unyooke. Alijifunza hayo kwenye karakana ya seremala, alikokuwa mfagiaji kwa miaka mingi baada ya mumewe kufariki.

"Wao walidhani nafagia," aliniambia. "Mimi nilikuwa nasoma, na fagio mkononi."

Hakuwa mtu wa kujishusha. Ukimsifia pazia, anakuonyesha na upindo wake. Ukisifia kabati, analifungua na kulifunga mara mbili usikie lilivyo kimya. Vyote kavitengeneza yeye, na vyote vina hadithi, na hadithi zote zinaishia kwa yeye kushinda.

"Hili kochi ndilo mwisho wa maneno," alisema siku anavalisha kitambaa, rangi ya ugoro, kilichokuwa pazia la ukumbi fulani. "Jumamosi wazazi wa mchumba wa mwanangu wanakuja kunitembelea. Watakalia kazi ya mikono hii, na nitawaambia ni ya mikono hii."

Lilipokamilika alimwita Redio. "Jirani, njoo. Kochi halijaisha mpaka likaliwe na mtu mwenye uzito wake."

Redio hakujua kama ametukanwa au ameheshimiwa. Akakaa. Akajinyanyua, akajitupa tena kwa nguvu. Kochi likampokea bila hata kulalamika. "Mh," alisema, akipapasa mkono wa kochi. "Huyo fundi wako anajua."

"Anajua, na anakusalimia."

Alhamisi jioni binti alikuja moja kwa moja kutoka kazini, viatu mkononi. Mimi nilikuwepo, mwanangu amelala kwenye kona ya kochi.

"Mama, rafiki yangu wa ofisini ameniazima makochi ya dukani. Kesho yanakuja na mkokoteni. Hili tulitoe, tulihifadhi kwa jirani mpaka wageni waondoke."

Mama Karani aliinuka. Alichukua kamba, akapima mgongo wa kochi, kisha akaipeleka kamba ile mlangoni. Ikazidi. Akajaribu kwa kimo na kwa upana, ikazidi tena. Akabaki ameishika kamba, akaanza kucheka.

"Nimepima ukuta, nimepima makalio, mlango nimeusahau! Mwanangu, hili limezaliwa humu. Halitoki."

"Basi tulifumue."

Kicheko kikakatika. Mama Karani akaokota koleo, akamwekea binti yake mkononi. "Fumua. Anza na msumari unaoutaka."

Nilitaka kuondoka, lakini ningemwondoaje mtoto bila kumwamsha? Nikatazama sakafu. Binti akakaa kwenye kochi, koleo mapajani, akatafuta msumari wa kuanzia. Hakuuona, maana mama yake huwa anaficha vichwa vya misumari chini ya pindo. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Mama, unaukumbuka ule mkoba wangu wa shule?"

"Wa gunia la unga? Haukukatika mkanda hata siku moja."

"Maandishi ya gunia yalikuwa yanaonekana. Shule nzima waliniita Kilo Tano. Mpaka darasa la saba, mama. Kuna wengine wananiita hivyo mpaka leo."

Mama Karani aliiweka kamba chini. Alikaa karibu na binti yake, akayaangalia magoti yake mwenyewe. "Mimi nilifikiri wanakuonea wivu," alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaupenda sana ule mkoba."

Binti akaegemea nyuma, akanyoosha miguu, akaendelea kueleza: kwamba wakwe ni watu wa vitu vya dukani, kwamba haoni aibu kwa mama yake, anachoogopa ni kupewa jina jingine tena. Aliongea hivyo mpaka koleo likamponyoka, naye hakuliokota.

"Umeligombeza kochi muda wote huu," mama yake alisema taratibu, "na umelikalia."

Binti akajitazama alivyojilaza. Akacheka bila kupenda, machozi yakiwa bado njiani.

"Sawa, libaki. Lakini usijitangaze, mama. Wakikuuliza, sema umelitengeneza wewe. Wasipouliza, nyamaza. Kizuri chajiuza."

"Nimekubali. Nisipoulizwa, sisemi."

"Niahidi."

"Nimekuahidi mbele ya jirani."

Binti alimbusu shavuni, akavaa viatu, akaenda kumzuia mwenye mkokoteni. Mama Karani alisimama mlangoni mpaka mlio wa viatu ukapotea. Akarudi, akaupapasa mgongo wa kochi kama unavyompapasa mtoto anayetaka kushtuka usingizini. Nilianza kumwinua mwanangu, naye akanishika mkono.

"Jumamosi utakuja kunisaidia kugawa chai?"

"Nitakuja, mama."

"Kizuri chajiuza, wanasema. Lakini hata sokoni nimewasikia wenye vizuri wakipiga kelele." Akainama karibu na sikio langu, ingawa chumbani hapakuwa na mwingine ila mtoto. "Wageni wakishakaa, wakishaegemea, wewe uko na birika mkononi, nifanyie jambo moja, mwanangu. Niulize kwa sauti, wote wasikie: mama, kochi hili ni kazi ya fundi gani?"