Chungwa na Gauni Jeupe

Pasi ilipoinuka, pale ilipopita palikuwa na vidole. Vidole vitatu, rangi ya chai ya rangi, vimelala kwenye rinda la chini la gauni jeupe la bibi harusi. Dakika moja kabla hapakuwa na kitu. Mama Pasi alikuwa amesimama nyuma ya meza ile ya kupigia pasi miaka kumi na tisa, hakuhitaji kuambiwa. Maji ya tunda yakikauka kwenye kitambaa cheupe hayaonekani, yanajibanza kama mwizi darini. Yapitishie moto uone: sukari yake inaungua na kujitangaza.

Aliweka vidole vyake juu ya vile. Vilikaa sawasawa.

Saa ilikuwa sita na robo. Bibi harusi angekuja saa tisa.

Asubuhi ile bomba la uani lilikuwa limekauka. Saa nne alikula chungwa lake, akapangusa mikono kwa kitambaa kikavu, akajiambia imetosha. Haikutosha.

Karakana ile ya kushonea ilikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: chochote chenye majimaji kisipite mlangoni. Mkate mkavu na biskuti, basi. Ndivyo alivyotaka Madamu, mwenye karakana. Washonaji walikaa kutwa makalio yameganda vitini, wakila ngano juu ya ngano, na choo kikawa kitu cha kungojwa kama mgeni wa mbali. Mama Pasi ndiye aliyeumia kuliko wote. Siku moja, baada ya siku tano bila haja, alitoka chooni ameona damu. Akakimbilia zahanati akiamini anakufa.

Nesi alimpima, akaona ni mchubuko wa choo kigumu, kisha akamuuliza mara ya mwisho alikula tunda lini. Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Mama, utumbo si bomba la chuma," nesi alimwambia. "Unataka nyuzinyuzi na maji. Papai, pera, chungwa, chochote cha msimu. Na ulile lenyewe, usikamue ukanywa maji yake tu. Vitamini zake nazo zinausaidia mwili kupambana na maradhi. Ila si muujiza, usije ukanisingizia. Ni kila siku, kidogo kidogo. Na damu ikirudi, na wewe urudi."

Miezi minne sasa alikuwa akila kwa kujificha, nyuma ya pipa la taka uani. Tumbo likafunguka. Mafua yalipopita karakana nzima ikikohoa, yeye alipiga chafya siku mbili tu. Kama lilikuwa tunda au bahati, hakubishana. Akawafundisha wenzake mmoja mmoja, wa kwanza Chiriku, mtia vifungo, mwenye mimba ya miezi saba na mdomo usio na komeo.

"Hicho nini?"

Madamu alikuwa amesimama nyuma yake. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Nauliza, nani kala tunda humu?"

Hakungoja jibu. Alikwenda moja kwa moja kwa Chiriku, ambaye mfuko wa aproni yake ulikuwa umevimba, akatumbukiza mkono, akatoka na pera lililoumwa nusu.

"Nilijua! Mdomo huu hauna likizo. Usiposema, unatafuna."

"Madamu, hilo pera sijaligusa tangu asubuhi..."

"Meno haya ya nani? Limejiuma?"

Mtu mmoja alicheka, akakimeza kicheko chake haraka.

"Vua aproni. Nenda kajifungue, na usirudi."

Chiriku alipeleka mkono kwenye kamba za aproni. Alimtazama Mama Pasi, kisha akatazama chini.

Mama Pasi aliishika pasi kwa mikono miwili. Miaka hamsini na miwili, nani atamwajiri? Nyumbani mumewe alikuwa kitandani na mgongo mbovu, na sufuria yao ilikaa jikoni kwa ajili ya meza hii. Chiriku alifungua kamba ya kwanza ya aproni. Ya pili ilikuwa na fundo.

"Ni mimi." Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Vidole ni vyangu, Madamu. Njoo uvipime."

Madamu alikuja akavipima kweli. "Wewe? Wewe niliyekupa hata shela la mwanangu ulipige pasi?"

"Mimi."

"Basi sikia. Gauni hili lisipotoka hapa jeupe, utatoka wewe."

Mama Pasi aliazima dumu la maji baridi kwa jirani, akachukua sabuni na siki, akaanza kulipapasa doa kwa upande wa nyuma, kwa kugongagonga, bila kusugua. Saa saba lilikuwa limefifia, likabaki rangi ya maji ya mchele. Hapo likagoma.

"Doa lililopigwa pasi ni kama jina baya," alisema. "Haliondoki. Fumueni hicho kipande."

Chiriku, aliyekwisha kufunga tena aproni, alikuwa tayari na wembe. Mkataji alipekua gunia la mabaki, akapata kipande kilichobaki walipokata mikono ya gauni.

"Kinatosha," alisema, "ila asipige mtu chafya."

Walishona bila kusemeshana. Mama Pasi alinawa mara tatu, akapiga pasi juu ya kitambaa cha kukinga, pumzi ameibana. Alikuwa bado anainyanyua pasi bibi harusi alipoingia na shangazi yake, mwanamke wa aina ile ambaye akinunua yai hulitikisa sikioni. Shangazi aliinama kwenye rinda, akapitisha kidole gumba, akasimama.

"Huu mshono ni wa nini?"

Chiriku alificha wembe mfukoni.

"Palikuwa na doa, tukabadilisha kipande," alisema Madamu. "Au ungependa doa?"

Shangazi aliupapasa tena. "Aliyeshona ana mkono," alisema, na gauni likaondoka.

Madamu alifunga mlango. "Kuanzia leo, tunda marufuku. Hata uani."

"Basi tafuta mpiga pasi mwingine."

Mama Pasi alijishangaa mwenyewe, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia. "Kosa langu ni mikono, nimelikubali mbele ya watu. Tumbo halina kosa. Mkate wako ulinitoa damu, Madamu. Nitakula, na nitanawa. Kama hutaki, niache nichukue mkoba wangu."

Madamu aliitazama pasi, akawatazama wanawake walioacha kujifanya wanashona.

"Na maji yakikatika?"

"Hatakula mtu mpaka yapatikane."

"Mikono nitainusa mwenyewe."

"Inuse."

Kesho yake, maji ya bomba yamerudi, saa nne na dakika ishirini, wanawake saba walipanga mstari mlangoni viganja juu, na Madamu akapita akinusa mmoja mmoja. Kwa Chiriku alisimama.

"Pera?"

"Embe, Madamu."

"Rudi ukanawe."